Niliyojifunza kwa kutafuta sarafu kwenye mahame ya Unyamwezi

Watu wakiniona shambani na ditekta, mashine ya kutambua metali ardhini, hudhani natafuta dhahabu. Wana haki ya kudhani hivyo, maana mashine yenyewe niliinunua ya mtumba kwa mchimbaji mdogo wa upande wa Nzega, na huku kwetu mkoani Tabora kifaa hicho kinajulikana kwa kazi hiyo. Vijana wengine huenda mbali zaidi: hunivuta pembeni na kuniuliza kwa sauti ya chini kama nimepata ramani ya mali ya Mjerumani. Ninachotafuta mimi ni sarafu zilizowadondoka watu wa kawaida tangu zama za rupia ya Mjerumani hadi zama za shilingi ya Mwingereza, pamoja na vitu vidogo vya chuma na shaba walivyoviacha nyumbani mwao walipohama. Nimeifanya kazi hii kwa miaka kadhaa sasa, na imenifundisha mambo ambayo sikuyapata shuleni wala kwenye maelekezo ya mashine.

Huku kwetu mahame hayatafutwi kwa shida. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kufikia mwisho wa 1976 kila mtu wa vijijini awe anaishi katika kijiji. Familia zilizokuwa zimetawanyika, kila moja na shamba lake, zizi lake na miti yake, zikasogezwa kando ya barabara. Nyumba zilizoachwa zikaanguka, paa zikaliwa na mchwa, udongo wa kuta ukarudi ardhini. Na kabla ya Operesheni Vijiji kulikuwa na mahame mengine tayari. Waingereza waliwakusanya watu sehemu moja kwa sababu ya mbung'o na malale, na maeneo waliyotolewa yakageuka misitu ya miombo. Kabla yao kulikuwa na vita ya 1914, na nyuma zaidi vita ya Mtemi Isike wa Unyanyembe, himaya ya Wanyamwezi hapa Tabora, dhidi ya Wajerumani iliyoishia Januari 1893. Ukitembea porini huku, kila baada ya mwendo mfupi unakanyaga mahali ambapo mtu aliwahi kuota moto na watoto wake.

Macho hujifunza kuyaona. Vichaka vya minyaa vilivyokaa kwa mstari au kwa duara vilikuwa ua. Mkonge uliosimama peke yake katikati ya pori ulipandwa kuwa mpaka. Vigae vya vyungu, jiwe la kusagia lililobonyea katikati, na kipande cha ardhi chenye majani mazito kuliko pembeni, ambacho mara nyingi ni zizi la zamani. Mwembe nao ni dalili, ila usiuamini ukiwa peke yake. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Tabora na kuendelea Ujiji imeachiwa miembe mingi, na si kila mwembe ulikuwa na nyumba chini yake. Mwembe wenye minyaa na vigae, huo sasa ni mji wa mtu.

Hata hivyo, macho yana mwisho. Yanakuonyesha kwamba watu waliishi hapo, lakini hayakuambii walikuwa nani, waliingia kwa mlango upi, walipuria mtama wapi, walizikana wapi. Kwa hiyo jambo la kwanza ninalomwambia kijana yeyote anayetaka kuifanya kazi hii ni kwamba mashine inakuja mwisho. Kwanza mtafute mzee aliyeishi pale, au aliyezaliwa pale, au aliyetumwa pale utotoni kuchukua moto. Mtu aliyehamishwa mwaka 1974 akiwa na miaka 30 sasa amevuka 80. Sarafu ya shaba iliyokaa ardhini miaka mia inaweza kukaa mingine mia, lakini huyo mzee hana muda huo. Kila mwaka nasikia misiba, na kwenye misiba hiyo nahesabu kimoyomoyo mahame ambayo sasa hakuna mtu anayeweza kuyasema.

Nilikwenda hame moja na bibi ambaye aliolewa pale akiwa msichana. Wajukuu zake walimbeba kwa bodaboda hadi njia ilipoishia, kisha tukatembea polepole. Wanaume wa ukoo walikuwa wameshanionyesha mahali pa nyumba kubwa, na nilikuwa nimepita hapo na ditekta nikapata misumari na vipande vya majembe tu. Bibi alisimama, akaangalia mwembe, akaangalia jua, akasema, "Mjukuu wangu, hapo walipokuonyesha palikuwa ghala. Sisi mlango wetu ulitazama huku." Kisha akanionyesha kwa fimbo yake mahali jiko lilipokuwa, mahali mama mkwe wake alipokuwa akiuzia pombe siku za kupura, na kivuli walichokalia wanywaji. Kivuli chenyewe hakipo tena, mti ulikatwa zamani. Nilipopitisha koili, lile duara la chini la mashine, pale, sauti zilikuja moja baada ya nyingine: sarafu za senti tano na kumi zenye tundu katikati, kifungo cha shaba, kichwa cha kibuyu cha tumbaku kilichozungushiwa waya. Bibi alikaa chini kwenye kanga yake akizipokea moja moja na kuzifuta kwa kidole gumba. Alimtaja kwa jina mtu aliyekuwa akilewa na kumwaga fedha zake kila mara. Wajukuu walicheka sana. Mimi niliandika jina hilo kwenye daftari langu.

Tangu hapo siku zote naomba kuongozana na mwanamke mzee, hata kama wanaume wa ukoo wanasema wanajua. Wanaume hukumbuka mipaka, mifugo na ugomvi wa ardhi. Wanawake hukumbuka sakafu. Fedha hudondoka sakafuni, mlangoni, penye kuuzia, uwanja wa kupuria, na chini ya kitanda ambako watu walizifukia kwenye chungu kwa kukosa benki.

Ruhusa ni habari nyingine, na sitaipitia haraka kwa sababu nimeona watu wakiidharau. Hame si ardhi isiyo na mwenyewe. Hata kama ukoo ulihamishwa zaidi ya miaka hamsini iliyopita, wao ndio wanaojua makaburi yalipo, na mara nyingi shamba bado ni lao au limekodishwa kwa mkulima wa tumbaku. Mimi naanza kwa mwenye ukoo, kisha mwenyekiti wa kitongoji, kisha mtendaji wa kijiji, na nasema wazi ninachotafuta na kitakwenda wapi kikipatikana. Mahame mengi ya huku sasa yamo ndani ya hifadhi za misitu, na humo siingii na jembe. Vilevile kuna Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, ambayo hairuhusu mtu kuchimba kutafuta vitu vya kale bila kibali. Maeneo ya kihistoria yanayojulikana, kama tembe la Kwihara alilokaa Livingstone au magofu ya Kilwa na Kaole, hayaguswi na mtu binafsi kwa namna yoyote. Mimi nabaki kwenye mashamba yanayolimwa, kwenye udongo ambao jembe la mkono limeshaugeuza miaka yote, na nikiona dalili ya kitu kikubwa au cha zamani sana, kama mrundo wa mavi ya chuma penye tanuru la kufulia majembe, natoka na kutoa taarifa. Tanuru la namna hiyo lina habari nyingi kwenye mpangilio wake, na mtu akishalichokonoa hakuna mtaalamu atakayeurudisha.

Makaburi siyapiti kabisa. Wanyamwezi walizika karibu na nyumba, kwa hiyo swali hilo naliuliza kabla ya mengine yote. Mzee akisema "kuanzia hapa hadi kule pumzika", naweka vijiti, na hata mashine ikilia kwa mbali upande ule siufuati mlio wake.

Sasa mashine. Wengi huiogopa au huiamini kupita kiasi, na vyote viwili vinatokana na kutojua inavyofanya kazi. Ndani ya lile duara kuna koili inayopitisha umeme unaobadilika mwelekeo maelfu ya mara kwa sekunde. Umeme huo hutengeneza uga wa sumaku unaoingia ardhini. Ukikuta kitu cha metali, umeme mdogo huzunguka ndani ya kitu hicho, nacho hutoa uga wake dhaifu, ambao koili ya pili huupokea ukiwa umechelewa kidogo. Kiasi cha kuchelewa ndicho kinachoifanya mashine itofautishe fedha, shaba na chuma, na kukupa namba au sauti tofauti. Hakuna uchawi humo. Haioni dhahabu wala haioni thamani. Inaona jinsi kitu kinavyopitisha umeme na ukubwa wake, basi.

Ndiyo maana inadanganyika kwa njia zinazojulikana. Kipande cha sufuria ya aluminiamu kinaweza kulia sawasawa na shilingi ya fedha. Sarafu za Kijerumani za heller 5 na 10 zenye tundu, zilizotengenezwa kwa mchanganyiko wa shaba na nikeli, hulia chini sana, jirani na karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara. Mtu anayezima sauti zote za chini ili asisumbuliwe na takataka anaziacha ardhini. Chuma nacho kinaficha. Msumari mmoja ukiwa sentimita chache kutoka kwenye sarafu unaweza kuifunika kabisa, na hame lina misumari, vipande vya majembe na makopo kila mahali. Dawa yake ni koili ndogo, mwendo wa taratibu, na kupita sehemu ileile kwa pembe mbili: kwanza kaskazini kwenda kusini, halafu mashariki kwenda magharibi. Sauti inayosikika upande mmoja na kupotea upande mwingine huwa msumari. Inayorudi safi pande zote mbili, chimba.

Halafu kuna ardhi yenyewe. Changarawe nyekundu ya huku ina chuma kingi, na mashine isiyosawazishwa na ardhi hupiga kelele tupu hadi mtu akate tamaa. Kila ninapobadilisha shamba nasawazisha upya, na nikivuka kutoka udongo mwekundu kwenda mchanga wa bondeni nasawazisha tena. Majira nayo yana neno lake. Udongo wenye unyevu kidogo hupitisha mawimbi vizuri na huchimbika bila kuumiza sarafu, lakini masika shamba lina mazao. Mimi napendelea wiki zile baada ya mavuno, kabla ardhi haijakauka ikawa tofali. Kina nacho hakitabiriki. Mchwa hupandisha udongo laini juu mwaka baada ya mwaka, na kitu kilichokaa usoni hujikuta chini bila mtu yeyote kukifukia. Nimekuta senti za miaka ya 1950 chini zaidi kuliko heller za Mjerumani, kwenye hame moja, karibu na kichuguu.

Shimo linafunikwa. Nakata udongo kwa umbo la kifuniko, naugeuza upande mmoja, natoa kitu, narudisha na kukanyaga. Wafugaji wa huku wana ng'ombe wengi, na ng'ombe akivunjika mguu kwenye shimo lako, kijiji kizima hakitakuruhusu tena, na kitakuwa na haki.

Nije kwenye sarafu zenyewe, maana ndizo zinazowavuta watu. Ya zamani zaidi kuwahi kupita mikononi mwangu ni pesa ya shaba ya Sultani Barghash wa Zanzibar, yenye picha ya mizani na mwaka wa Kiislamu 1299, yaani 1882 hivi. Ilifika bara na misafara. Zinafuata pesa za kampuni ya Kijerumani za 1890 hadi 1892, zenye tai upande mmoja na maandishi ya Kiarabu upande wa pili, kwa kuwa kampuni ilijua wafanyabiashara wa pwani walisoma herufi gani. Pesa 64 zilifanya rupia moja. Kuanzia 1904 serikali ya kikoloni ikaacha hesabu hiyo, rupia ikawa heller 100, na heller moja ya shaba yenye taji ndiyo ninayoikuta mara nyingi kuliko sarafu nyingine za Mjerumani. Ni ndogo, imechakaa, mara nyingi mwaka hausomeki. Lakini ukishajua kwamba kodi ya kibanda ilianza 1898, na kwamba mtu alilazimika kutafuta kazi ya upagazi au ya shambani ili apate fedha ya kulipa kodi hiyo, unaishika heller moja kwa namna nyingine. Mtu alitembea nayo. Ilipodondoka, aliitafuta.

Huku Tabora tunayo sarafu ambayo mikoa mingine haina haki ya kuiita yake: ile ya heller 20 ya mwaka 1916. Vita ilikuwa imefunga njia ya meli, fedha kutoka Ujerumani hazikufika, kwa hiyo Wajerumani wakazitengeneza hapahapa, kwenye karakana ya reli ya Tabora. Ziko za shaba nyekundu na za shaba ya manjano, zina herufi T, na hazina unadhifu wa zile za Berlin na Hamburg. Karakana hiyohiyo ilitoa pia rupia 15 za dhahabu zenye picha ya tembo, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Za dhahabu zilikuwa 16,198 tu, na mtu asikudanganye kwamba zimejaa chini ya kila mwembe. Septemba 19, 1916 Wabelgiji waliingia Tabora, na karakana ikaacha kutoa fedha. Sarafu ya heller 20 niliyoipata ilikuwa kwenye hame lililo mbali na reli. Mwenye ukoo aliniambia babu yake alibeba mizigo ya jeshi. Kama ndiyo ujira wake, basi alilipwa fedha ambayo muda mfupi baadaye haikuwa na serikali nyuma yake.

Za Mwingereza ni nyingi zaidi. Shilingi yenye simba na milima, na senti zenye tundu na pembe za ndovu. Kuna za 1936 zenye jina la Edward wa Nane, mfalme aliyejiuzulu Desemba mwaka huohuo kabla hajavikwa taji. Watu huzishangaa, lakini si adimu. Tundu lilikuwa na kazi: watu walizitunga kwenye uzi na kuzifunga kiunoni au shingoni. Ndiyo maana wakati mwingine unazikuta kadhaa zikiwa zimelala pamoja kwa mstari, uzi umeoza. Zikikaa hivyo usizitoe haraka. Piga picha kwanza, pima umbali kutoka mwembe au jiwe la kusagia, andika.

Rupia zilizotobolewa nazo hunipa mjadala na watu wa kuuza sarafu. Kwao rupia yenye tundu lililotobolewa kwa msumari imeharibika, bei yake inashuka. Kwangu hiyo ndiyo bora. Mwanamke aliivaa. Mfalme wa Ujerumani mwenye kofia ya chuma aliyechongwa upande mmoja aligeuzwa kuwa pambo la msichana wa Unyanyembe, na pale tundu lilipo pamelika kwa kusuguana na uzi miaka mingi. Ile isiyotobolewa inaniambia kidogo sana.

Kitu kilichonigusa kuliko vyote hakikuwa hata sarafu ya huku. Ilikuwa pete nyembamba ya shaba, tundu lake kubwa sana, na kwa haraka ungesema ni washa ya baiskeli. Kijana niliyekuwa naye alitaka kuitupa. Kwenye mwanga ilionekana taji dogo, neno INDIA, na mwaka 1944. Ni senti ya Kihindi, pice moja, ambayo wakati wa Vita Kuu ya Pili serikali ya Uingereza kule India iliitengeneza ikiwa na tundu kubwa ili kuokoa shaba. Imefikaje hame la Wanyamwezi, ndani kabisa ya miombo? Nilimpelekea mzee mwenye ukoo jioni. Alinyamaza kwa muda, kisha akamwita mke wake na kumwambia alete lile boksi. Ndani kulikuwa na picha moja iliyofifia ya kijana mwenye kofia ya Keya, jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki. "Baba alikwenda Burma," akasema. "Alikuwa hataki kusimulia. Alisema tu kulikuwa na mvua na matope, na kwamba Wahindi walikuwa na pesa zenye tundu kubwa, na sisi watoto hatukumwamini."

Askari wa Afrika Mashariki walipigana Burma mwaka 1944, kwenye bonde la Kabaw, wakati wa mvua za masika ya kule. Hilo limeandikwa vitabuni. Lakini mzee huyu alikuwa na maneno machache ya baba yake ambayo hakuwahi kuyathibitisha, na sasa alikuwa ameshika uthibitisho kwenye kiganja. Sikuondoka na pice ile. Ipo kwenye boksi pamoja na picha. Kama ningekwenda pale usiku, kama wafanyavyo wengine, ningekuwa na washa isiyo na maana, naye angebaki na maneno matupu.

Ndiyo sababu ninapinga kwa nguvu zote biashara ya mali ya Mjerumani. Nimeona mahame yaliyochimbwa mashimo ya urefu wa mtu, miembe ya karne nzima iliyokatwa mizizi hadi ikaanguka, makaburi yaliyofunuliwa. Wanaofanya hivyo wamepewa ramani za kughushi, wameambiwa na mganga wachinje mbuzi, wamechangishana fedha walizouza mahindi kuzipata. Wengine huuziwa rupia moja ya kawaida kwa mamilioni, wakiambiwa ina nguvu ya ajabu na kuna mzungu anaisubiri Dar es Salaam. Rupia ni gramu kumi na moja na nusu hivi za fedha. Haina nguvu nyingine. Nimekaa na familia iliyopoteza ng'ombe wote kwa ajili ya ramani kama hiyo, na hasira yangu haijapoa. Anayeuza ramani hizo anaiba mara mbili: anaiba mali ya walio hai, na anaharibu kumbukumbu pekee iliyobaki ya waliokufa. Wajerumani walikimbia Tabora wakibeba walichoweza. Walichoacha ardhini kwa wingi ni chupa, misumari na maganda ya risasi.

Hayo maganda yanahitaji neno la tahadhari. Kuzunguka Tabora kulipiganwa vikali Septemba 1916, na bado unakuta maganda manene ya bunduki za zamani za Mauser modeli ya 1871, zile zilizotoa moshi mwingi, ambazo askari wengi wa Kijerumani walizitumia. Ganda tupu halina shida. Risasi yenye kichwa chake, au kitu chochote cha mviringo kizito kinachofanana na bomu, kiache kilipo, weka alama, nenda polisi. Baruti haizeeki kwa namna ya kukuhurumia.

Kuhusu kusafisha, ushauri wangu ni mfupi: usisafishe. Kijijini mtu akipata sarafu ya shaba huikimbilia kwa ndimu na chumvi, au mchanga, au steliwaya, na kwa dakika mbili anaondoa gamba la kijani lililoilinda kwa miaka themanini, pamoja na herufi zilizokuwa zinasomeka ndani ya gamba hilo. Fedha naiosha kwa maji ya mvua tu, naikausha bila kuisugua. Shaba naiacha ikauke kivulini, udongo uliobaki nauchokoa kwa kijiti laini cha mti. Kisha kila moja naiweka kwenye bahasha ya karatasi. Mifuko ya plastiki laini naiepuka, baadhi yake hutoa kemikali zinazokula shaba. Juu ya bahasha naandika hame, jina la ukoo, mahali pa hame ilipotoka, kina, tarehe, na nani alikuwepo. Kwenye daftari naandika maneno ya mzee kama alivyoyasema, hata yale yasiyohusu sarafu. Mara nyingi hayo ndiyo marefu zaidi: nani alioa wapi, ng'ombe waliokufa kwa sotoka, jinsi lori la serikali lilivyokuja asubuhi na watu wakabeba milango yao.

Sarafu zenyewe nazigawa na ukoo, na ukoo ukitaka zote, zote ni zao. Baadhi ya familia wameomba daftari badala ya sarafu, nami nimewanakilia kwa mkono. Shule moja ya msingi ya kijijini imetengenezewa boksi la kioo na fundi seremala wa hapo, na walimu wanalitumia kwenye somo la historia. Watoto hushika heller na senti zenye tundu, halafu hupewa kazi ya kwenda nyumbani kumuuliza babu au bibi walitoka hame gani.

Kazi hiyo ya watoto imeshaniletea orodha ya mahame ambayo sikuwa nimeyasikia. Moja liko ng'ambo ya mto wa msimu, na mwenye kulijua ni mjane anayeishi kwa mwanawe wa kiume Urambo. Tumeshapigiana simu. Amesema atakuja mwezi wa saba, tumbaku ikishauzwa, kwa sharti kwamba nisichukue ditekta siku ya kwanza, maana anataka atembee pale kwanza na dada yake. Nimekubali.